Kushoto Kumezidi

Wimbo umekwisharekodiwa, kila traki imepata mahali pake, kilichobaki ni kuzikusanya zote ziwe faili moja lenye pande mbili. Unabonyeza, unasubiri, unalifungua faili jipya, na jicho linalitangulia sikio: wimbi la juu limenenepa, la chini limekonda. Kushoto kumezidi. Karibu kila programu ya kurekodi imeweka kitelezi cha kushoto na kulia palepale mkono ulipo, basi mkono unakwenda. Kidogo kulia, kidogo tena, mpaka mita mbili zinapanda na kushuka kwa pamoja, na mtu anajiona amemaliza kazi.

Mimi huomba mkono usubiri. Kitelezi kile cha mwisho kinajua kupunguza, hakijui kwa nini. Ni kibao unachokiingiza chini ya mguu wa meza inayoyumba: meza itatulia, lakini hujajua kama mguu ndio mfupi au sakafu ndiyo iliyobonyea, na siku utakapoihamisha utaanza upya. Na wimbo huhamishwa kila siku. Utatoka kwenye spika za studio uende kwenye hedifoni, kwenye simu, kwenye daladala, kwenye redio, kwenye maspika ya harusini. Kama hitilafu iliingia mwanzoni na wewe umeifidia mwishoni, vyote vilivyo katikati, kompresa, mwangwi, na kadhalika, vimeshafanya kazi yao juu ya hitilafu hiyo.

Chukua kisa kinachojirudia kuliko vyote. Mtu ana maiki moja na saundi kadi yenye matundu mawili. Maiki imechomekwa tundu la kwanza, na programu imeachwa irekodi stirio kwa sababu ndivyo ilivyokutwa. Kwa saundi kadi, tundu la kwanza ni kushoto na la pili ni kulia. Sauti yote inaingia kushoto, na kulia kunaingia kile kinachotoka kwenye tundu tupu: mvumo mwembamba wa umeme ambao mtu hausikii mpaka autafute. Akivaa hedifoni, mwimbaji amebandikwa kwenye sikio moja.

Tuseme anatumia Audacity, programu iliyoanzishwa mwaka 1999 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg pale Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka uliofuata, na ambayo ni ya bure. Kwa hiyo wengi wetu tumepita mikononi mwake. Jambo la kwanza linalomjia ni pani, kitelezi cha kushoto na kulia cha traki. Anakisogeza kulia akidhani anaihamisha sauti ije katikati. Lakini traki ya stirio haihamishwi namna hiyo. Ukisukuma kulia, kinachofanyika ni kupunguzwa kwa kushoto. Na kushoto ndiko mwimbaji aliko. Kadiri anavyosukuma ndivyo wimbo unavyofifia, hadi mwisho kabisa anabaki na mvumo wa tundu tupu.

Basi anakwenda kwenye amri ya Normalize. Mle kuna kisanduku kidogo kinachosema kila chaneli ishughulikiwe peke yake. Kwa kawaida hakina tiki. Yeye anakitia tiki, kwa kuwa maneno yake yanasomeka kama jibu la shida yake. Programu inatii. Inaichukua kushoto na kuipandisha hadi kilele kilichopangwa, kisha inaichukua kulia, ambako hakuna mtu, na kuipandisha hadi kilele kilekile. Mawimbi mawili sasa yamejaa sawasawa kwenye kioo. Sikiliza: kushoto dada anaimba, kulia ni mchakacho mtupu wenye ukubwa wa dada anayeimba. Nikiombwa mfano mmoja wa usawa wa namba uliokosa akili, huo ndio nitakaoutoa.

Dawa yake ni nyepesi kiasi cha kuudhi. Itenganishe traki ya stirio iwe traki mbili za mono, ifute ya kulia, iache ya kushoto ikae katikati. Ukipita njia ya mkato, ile ya kuigeuza stirio yote iwe mono kwa amri moja, Audacity itachukua wastani wa pande mbili. Sauti itashuka kwa desibeli 6, na mvumo wa tundu tupu utaingia ndani yake. Si msiba, lakini hakuna sababu ya kumlisha mwimbaji mvumo ambao hakuutoa yeye. Na mara nyingine ukirekodi, iambie programu irekodi mono.

Hitilafu isipokuwa ya wazi namna hiyo, kazi inakuwa ya upelelezi, na upelelezi wa sauti una mbinu moja ya zamani kuliko kompyuta: badilishana kushoto na kulia, kitu kimoja kwa wakati, utazame tatizo linahama au linabaki. Anza na kilicho karibu nawe kuliko vyote. Geuza hedifoni, ya kushoto iende sikio la kulia. Kama upande mzito umehama pamoja na hedifoni, lawama iko kwenye hedifoni au nyuma yake. Kama umebaki kwenye sikio lilelile, basi sikio ndilo, na hapo hakuna plagini itakayosaidia. Huenda ni nta tu, huenda ni jambo la kwenda kumwona daktari. Watu wanacheka ninapoanzia hapo. Lakini masikio mawili ya mtu mmoja si mapacha, na aliyekaa miaka karibu na spika ya ngoma upande mmoja ana kila sababu ya kuusikia ulimwengu umeinama.

Hedifoni ikipona, ingia ndani ya programu ubadilishane chaneli za faili lenyewe. Uzito ukihama, umo ndani ya wimbo. Ukibaki palepale, wimbo ni mzima na kilichoinama ni njia ya kusikilizia: waya, jeki iliyoingia nusu, saundi kadi, au kitelezi kilichosahaulika. Simu za Android na iPhone zina kitelezi cha kushoto na kulia kwenye mipangilio ya watu wenye shida ya kusikia. Kikiguswa bila kukusudia, nyimbo zote za dunia zitaegemea upande mmoja na mtu atawatukana maprodyuza wote. Kompyuta nazo zina chao. Halafu kuna kitufe cha sauti chenyewe. Ndani ya kile cha kuzungusha cha bei nafuu mna vipande viwili vilivyoshikana, kimoja cha kila upande, na vikiwa chini kabisa havilingani. Anayemiksi usiku wa manane kwa sauti ya chini ili asiamshe nyumba anaweza kufidia kosa la kitufe kwa saa nzima, asubuhi akipandisha sauti anakuta wimbo wake umepinda upande wa pili. Bora kitufe kipande na sauti ishushwe ndani ya programu.

Tukikuta uzito umo ndani ya wimbo, tunazima vitu kimoja kimoja kuanzia kwenye masta. Plagini nyingi za mwisho hufanya kazi pande mbili kwa pamoja, lakini kompresa nyingine zina kitufe cha kuziunganisha pande hizo, na kikizimwa kila upande unabanwa kivyake. Ngoma ikipigwa kushoto, kompresa ya kushoto inashika, kushoto kunashuka, na mwimbaji aliyekuwa katikati anapepesuka kwenda kulia kwa kitambo, kisha anarudi. Ngoma inayofuata anapepesuka tena. Ukiangalia wastani wa mita hutaona kitu. Ni sikio litakalokuambia kwamba mwimbaji hasimami vizuri.

Lakini neno hilo, katikati, tumelitumia kana kwamba ni mahali. Hebu angalia chumba chenye spika mbili. Katikati yake hakuna spika. Pana ukuta, au dirisha, au kalenda ya kampuni ya bima. Mwimbaji unayemsikia pale mbele yako hayupo kwa namna yoyote unayoweza kuipima kwa mkono. Spika mbili zinatoa sauti yake kwa nguvu sawa na kwa wakati mmoja, na ubongo, ukikosa sababu ya kumweka upande wowote, unamjengea mahali ambapo hakuna kitu. Ukiongeza upande mmoja kwa desibeli chache anaanza kusogea. Ukifika kama desibeli 15 za tofauti amehamia moja kwa moja kwenye spika moja. Na nguvu sio njia pekee ya kumsogeza. Ukiziacha nguvu zilingane lakini ukauchelewesha upande mmoja kwa takribani milisekunde 1, anahama vilevile. Helmut Haas, Mjerumani, aliandika tasnifu yake ya 1949 juu ya jambo linalofanana na hilo: sauti inayofika kwanza ndiyo inayopewa heshima ya kuwa chanzo, hata ile inayofuata milisekunde chache baadaye ikiwa na nguvu kuishinda.

Hesabu hii ina matokeo ambayo wengi wa fani yetu hatupendi kuyatazama. Weka spika mita 1.5 kutoka moja hadi nyingine, nawe ukae umbali huohuo kutoka kwa kila moja. Sasa sogea sentimita 30 tu upande wa kulia, upana wa kiti kidogo. Spika ya kulia imekukaribia kuliko ya kushoto kwa sentimita zipatazo 30, na sauti yake inakufikia karibu milisekunde 0.9 mapema. Hiyo inatosha kumng'oa mwimbaji katikati na kumbandika kwenye spika ya kulia. Mita hazijatikisika. Faili ni lilelile. Kwa hiyo katikati ambayo tunaihangaikia kwa nusu za desibeli ina upana wa kichwa cha mtu mmoja, na mtu huyo mara nyingi ni aliyemiksi. Mkewe aliyeketi pembeni hayuko katikati. Abiria wa daladala hayuko, isipokuwa labda yule aliyesimama amejikunja kwenye njia, naye ana mengine ya kufikiria.

Aliyeifungua habari hii ya spika mbili kwa utaratibu alikuwa Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI ya Uingereza. Husimuliwa kwamba alikuwa sinema na mkewe, akaudhika kuona mwigizaji yuko upande mmoja wa pazia na sauti yake inatoka upande mwingine. Desemba 1931 alipeleka maombi ya hataza iliyokuwa na karibu kila kitu tunachokiita stirio leo: jinsi ya kuweka maiki mbili, jinsi ya kuchonga pande mbili ndani ya mfereji mmoja wa santuri. Alikufa Juni 1942 akiwa na miaka 38, ndege ya majaribio ya rada ilipoanguka, na santuri za stirio zikaingia madukani mwishoni mwa miaka ya 1950 bila yeye kuziona. Siti binti Saad alikuwa amekwishavuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 na kuimba mbele ya mashine iliyokuwa na upande mmoja tu. Sijawahi kumsikia mtu akilalamika kwamba Siti ameegemea kushoto.

Stirio ilipofika, walioipokea hawakuwa na haraka ya kuielewa. Albamu ya kwanza ya The Beatles, ya 1963, ilirekodiwa kwenye mashine ya traki mbili, sauti za waimbaji moja, vyombo nyingine, ili baadaye zichanganywe kuwa mono. Toleo la stirio likatoka na mpangilio huohuo wa mashine: waimbaji upande mmoja, gitaa na ngoma upande wa pili. Ukilisikiliza kwa hedifoni leo utadhani waya umekatika. Watu waliinunua, wakaipenda, wakacheza.

Sasa kuna kasoro iliyo kinyume kabisa cha ile tuliyoanza nayo, na kwangu ndiyo inayofundisha zaidi. Kushoto na kulia vinalingana hadi nukta, na mwimbaji hayupo.

Inatokea hivi. Maiki nzuri ya studio hutoa sauti kwa waya wa XLR wenye pini tatu. Pini ya kwanza ni ya ardhi. Ya pili na ya tatu zote zinabeba sauti ileile, ila ya tatu imepinduliwa: wimbi likipanda kwenye moja, linashuka kwenye nyingine. Ni ujanja wa zamani na mzuri. Kifaa kinachopokea huchukua tofauti kati ya hizo mbili, hivyo sauti inajumlishwa, na uchafu wa umeme ulioingia njiani kwenye nyaya zote mbili kwa namna moja unajifuta. Shida inaanza mtu anapopata waya wa kuunganishia wenye XLR upande mmoja na jeki ndogo ya stirio upande mwingine, akaichomeka kwenye kamera au kompyuta. Jeki hiyo haijui habari za kupindua. Kwake ncha ni kushoto, pete ni kulia. Kushoto inapata sauti, kulia inapata sauti hiyohiyo iliyopinduliwa.

Fungua faili hilo. Mita zinacheza pamoja bila kupishana. Vaa hedifoni, sauti ni pana, imezunguka kichwa, inashangaza kidogo, na mteja atasema imekuwa kubwa. Kisha itume kwenye simu yenye spika moja. Spika moja lazima ijumlishe kushoto na kulia, na namba ikijumlishwa na kinyume chake ni sifuri. Kinanda kipo, ngoma zipo, mwangwi wa mwimbaji upo unaelea huko nyuma. Yeye mwenyewe ametoweka.

Redio nayo itamficha vilevile. Mfumo wa stirio ya FM ulioidhinishwa Marekani mwaka 1961 na kuenea duniani unarusha jumla ya kushoto na kulia kama sauti kuu, na tofauti yao pembeni kwa wale wenye vifaa vya kuichukua. Redio ndogo ya jikoni inachukua jumla peke yake. Mwimbaji wetu yumo kwenye tofauti, na kwenye jumla hana kitu. Ukimwambia aliyemiksi kwamba wimbo wake una tatizo la kushoto na kulia atakufungulia kioo na kukuonyesha kwamba pande zote mbili ni sawasawa, naye atakuwa anasema kweli. Kuitibu ni kupindua upande mmoja urudi, au kuutupa mmoja na kuacha mwingine kama mono. Kuigundua ndiyo kazi, na inagunduliwa kwa kitufe kimoja ambacho programu nyingi zinacho na kila mwanafunzi wa kumiksi anakidharau: kitufe cha mono. Kibonyeze kila baada ya muda. Chochote kinachopotea pale kilikuwa hakijasimama.

Wanaohamisha kanda za zamani kwenda kwenye kompyuta, kaswida, taarabu, hotuba, sauti za wazee, wanakutana na ndugu wa kasoro hiyo. Kaseti ya Philips ya 1963 ina ukanda wenye upana wa milimita 3.81, na kwenye upana huo zinakaa pande mbili za kaseti, kila moja ikiwa na kushoto na kulia vilivyolala jirani. Uchafu kidogo kwenye sehemu moja ya kichwa cha deki unatosha kuizima chaneli moja. Lakini tazama unavyoizima: sauti nyembamba za juu ndizo zinazokwenda kwanza, kisha nyingine. Upande ule haukuwa mdogo tu, umefifia, umevikwa blanketi. Ukiupandisha desibeli 4 ili mita zilingane utapata blanketi kubwa zaidi. Kinachotakiwa ni pamba, spiriti safi ya isopropili, na subira ya kuacha ikauke. Na kama kichwa cha deki kimeinama kidogo, chaneli moja itasoma ukanda kabla ya nyingine kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, na ukijumlisha kuwa mono herufi za s na sh zitayeyuka. Pana skrubu ndogo pembeni ya kichwa kwa ajili hiyo. Igeuze polepole huku ukisikiliza kwa mono mpaka matamshi yang'ae, kabla hujarekodi hata dakika moja. Haya yote yako nje ya programu, na hakuna kitelezi ndani yake kitakachoyafikia.

Kuna habari nyingine ndogo ya katikati ambayo husababisha maneno kati ya studio na studio. Sauti iliyowekwa katikati inatoka kwenye spika mbili, kwa hiyo chumbani inasikika kubwa kwa kama desibeli 3 kuliko ingetoka kwenye moja. Na pande mbili zikijumlishwa kuwa mono kwenye umeme, inaongezeka 6. Ili mtu anayesogezwa kutoka kushoto hadi kulia asivimbe anapopita katikati, programu hupunguza katikati. Nyingine 3, nyingine 4.5, nyingine 6, na Reaper, ukiikuta kama ilivyotoka, haipunguzi chochote. FL Studio inakuachia uchague kati ya kanuni ya duara na ya pembetatu. Jambo hili lina umri wa filamu ya Fantasia ya Disney, ya 1940, ambayo wahandisi wake ndio waliotengeneza vitufe vya kwanza vya kuisogeza sauti kwenye jumba la sinema. Ukiuhamisha mradi wako kutoka programu moja kwenda nyingine bila kuangalia kanuni hiyo, mwimbaji wa katikati atapanda au kushuka mbele ya wenzake wa pembeni, na utaambiwa kwamba programu ile ya zamani ilikuwa na sauti tamu zaidi. Ubishi wa namna hiyo nimeusikia sana, na mara nyingi ni desibeli 3 tu zinazobishana.

Nimesema juu ya kasoro. Lakini mara nyingi kushoto na kulia havilingani kwa sababu havikupaswa kulingana, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaokagua wimbo kwa macho.

Mwalimu mmoja wa kwaya alikuja kusikiliza kazi yake. Tuliwapanga waimbaji kama walivyosimama kanisani: sauti ya kwanza kushoto, ya pili na ya tatu zikielekea katikati, besi kulia, kiongozi na kinanda katikati. Aliketi nyuma yangu, akatazama kioo muda mrefu kuliko alivyosikiliza.

"Fundi, mbona kulia kumezidi?"

"Ni besi, mwalimu. Besi wanabeba nguvu nyingi."

"Sasa si uwapunguze? Watu watasema umependelea wanaume."

Kweli mita ya kulia ilikuwa juu kwa kama desibeli 2. Sauti nene hutaka nguvu nyingi ili sikio liipe hadhi sawa na nyembamba. Watafiti Fletcher na Munson walichora mikunjo ya jambo hilo mwaka 1933 katika maabara za Bell, na kipimo cha ukubwa wa sauti kinachotumika sasa katika utangazaji, ambacho shirika la kimataifa la mawasiliano ITU lilikitoa kwanza mwaka 2006, kinazipunguzia uzito sauti nene kabla ya kuhesabu, kwa sababu hiyohiyo. Mita ya kawaida ya kilele haina huruma hiyo; inapima umeme na kunyamaza. Sikuona haja ya kumweleza mwalimu yote haya. Nilimwomba asimame, aangalie mlango, nikasawazisha mita jinsi alivyotaka, nikacheza ubeti.

"Akina mama wamekuja mbele sana," alisema, bado anaangalia mlango. "Na besi wamekwenda wapi?"

Nikarudisha. Akatikisa kichwa, akaketi, na tangu hapo hakukitazama kioo tena, isipokuwa wakati wa kutafuta jina la faili.

Hofu yake naielewa. Kwaya ina watu, watu wana ndugu, na mistari miwili kwenye kioo inafanana sana na mizani ya haki. Kama ni traki moja ya mwimbaji mmoja aliyesimama katikati, mistari ilingane, na isipolingana tafuta sababu mpaka uipate. Kama ni wimbo mzima wenye gitaa huku na ngoma kule, mistari inayolingana kutoka mwanzo hadi mwisho inanitia wasiwasi kuliko inayopishana, kwa kuwa maana yake mara nyingi ni kwamba kuna mtu amewashika wote shingo ili wafanane. Gitaa la besi na ngoma kubwa ndivyo ninavyoviweka katikati bila majadiliano. Sauti nene zinataka spika zote mbili zigawane mzigo, na enzi za santuri besi nzito ya upande mmoja iliweza kuirusha sindano nje ya mfereji. Vilivyobaki vinaweza kupishana.

Mwalimu aliomba nakala ya pili, ya mono, kwa ajili ya maspika ya nje ya kanisa, yale ya pembe. Nilidhani ni kazi ya kitufe kimoja. Nilipojumlisha pande mbili, kiongozi na kinanda, waliokuwa wamekaa katikati, wakaja mbele kwa desibeli 3 kuwashinda waliokuwa pembeni, jinsi hesabu ya pani inavyotaka, na kwaya ikawa kundi linaloitikia kutoka chumba cha pili. Ikabidi kurudi kwenye traki, kuwapandisha sauti ya kwanza na besi, kumshusha kiongozi kidogo, na kutoa upya. Mwalimu alizisikiliza zote mbili kwenye simu yake, kisha akauliza ipi apeleke redioni. Nikampa zote mbili, nikamwomba awaambie wajaribu ya stirio kwenye redio ndogo kwanza.